Kabla Hujapanda Ndege ya Frankfurt

Maneno haya niliyasema Mombasa, mbele ya wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa mwisho na wazazi wao. Waliokosa nafasi ukumbini waliniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote?

Wazazi wetu mliokaa mbele, shikamooni. Walimu, nawasalimu kwa heshima. Wadogo zangu wa mwaka wa mwisho, najua kilichowaleta, na si sura yangu. Mmeziona zile picha za theluji kwenye WhatsApp, mtu kavaa koti la kufika magotini, nyuma yake garimoshi jekundu. Hata mimi nilipiga picha kama ile wiki yangu ya kwanza. Mikono ilikuwa imekufa ganzi, lakini picha haionyeshi ganzi.

Mimi ni mtoto wa Rabai. Nilisomea uuguzi, nikapata KRCHN yangu, yaani usajili wa muuguzi wa afya ya jamii wa Kenya, nikafanya wadini miaka minne kwa mikataba ya vipande, ule wa miezi sita ukiisha unangoja ule mwingine. Februari 2022 nikapanda ndege. Leo nafanya kazi katika nyumba ya wazee karibu na Tübingen, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Nimekuja likizo, mwalimu wangu kanikamata sokoni Kongowea nikichagua embe, akasema hutarudi Ulaya kabla hujazungumza na watoto. Basi nipo.

Nianze na ile namba, maana najua iko vichwani mwenu. Septemba 2024 Rais Ruto na Kansela Scholz walisimama Berlin, Kenya na Ujerumani zikatia saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi. Siku ile ile simu yangu ikawaka moto. Shangazi, binamu, mtu niliyesoma naye darasa la nne, wote na swali moja: ni kweli Wajerumani wanataka Wakenya 250,000? Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilisema waziwazi kwamba namba ile si kweli. Makubaliano hayana idadi yoyote. Yanazungumzia njia, namna ya watu wenye ujuzi kwenda kwa utaratibu, na namna ya kuwarudisha wasio na haki ya kukaa. Hicho kipande cha pili hakikuwasha simu ya mtu. Kwa hiyo akija mtu na fomu, akakwambia nafasi ni robo milioni na zinakwisha Ijumaa, mpe maji ya kunywa umsindikize hadi barabarani.

Kazi ipo, sikatai. Nchi ile imezeeka. Zamu yangu ya asubuhi haijawahi kuwa na watu wa kutosha hata siku moja. Ila kati ya kazi kuwepo na wewe kuifanya kuna mlango, na funguo ya mlango huo wengi hawaijui jina.

Wenzangu, Kijerumani tayari tunakijua maneno mawili, na tuliachiwa na Wajerumani wenyewe walipokuwa Tanganyika: shule na hela. Shule ni Schule, hela ni Heller, sarafu yao ya wakati ule. Tatizo letu ni kwamba tunataka kuruka la kwanza tuangukie la pili.

Nawaeleza nilivyoruka mimi.

Ujerumani haikuhesabu kuwa muuguzi kwa sababu Baraza la Wauguzi la Kenya limekusajili. Cheti chako kinapelekwa kwa mamlaka ya jimbo utakakofanya kazi, kwetu ni Stuttgart, wanalinganisha masaa yako ya darasani na ya wadini na masaa ya muuguzi wao, kisha wanakuandikia barua ya kusema umepungukiwa na nini. Karibu kila mmoja wetu amepungukiwa na kitu. Kwangu walitaja uangalizi wa wazee, na ni haki yao. Sisi hapa hatujawahi kusomea kumtunza mzee kama fani, tunaye nyumbani. Ukishapata barua hiyo unachagua, ama ufanye mafunzo ya kuziba pengo, ama ukae mtihani wa kupimwa maarifa, wa kuzungumza na wa vitendo. Sehemu uliyoanguka unairudia mara moja tu. Juu ya hayo unaleta cheti cha Kijerumani cha ngazi ya B2, ya nne kati ya sita. Yote yakitimia unapewa karatasi moja wanayoiita Urkunde, yaani cheti cha kukutambua kuwa muuguzi kamili. Hiyo ndiyo funguo. Visa ni ruhusa ya kufika mlangoni.

Tena mlangoni unaweza kufika na lugha ya B1, ngazi moja chini. Wakala aliyenitafutia kazi alilijua hilo, na mimi nilikuwa na haraka. Nilipanda garimoshi la SGR hadi Nairobi, nikafanya mtihani wa B1, nikapita kwa alama za kubahatisha, nikarudi Rabai nikiimba. Wakala akasema B2 utaisomea huko huko, tena utajifunza haraka kwa sababu utakuwa katikati ya wenyewe. Maneno matamu. Hakusema kwamba huko huko ningekuwa naamka saa kumi alfajiri, nafanya zamu nzima kwa miguu, halafu jioni nakaa mbele ya kitabu nasoma sentensi moja mara nne.

Rafiki yangu tuliyesoma naye hakukubali. Alibaki Mombasa akisoma Kijerumani miezi tisa zaidi, watu wakimcheka kwamba ameogopa baridi. Mimi niliondoka Februari 2022, yeye Novemba. Yeye alipata Urkunde yake Mei 2023. Mimi nilipata Novemba 2023. Fanyeni hesabu wenyewe.

Na hesabu ya pesa ni hii. Bila ile karatasi unafanya kazi kama msaidizi. Kwenye nyumba za wazee, Julai 2025 kima cha chini cha msaidizi asiye na mafunzo yanayotambuliwa kiliwekwa euro 16.10 kwa saa, na cha muuguzi kamili euro 20.50. Tofauti ni euro 4.40. Kwa wiki ya masaa 38 na nusu, hiyo ni karibu euro 730 kwa mwezi kabla ya makato. Kila mwezi unaokaa na lugha nusu, unaziacha mezani. Mimi niliziacha miezi ishirini na moja, na wakala hakunichangia hata ya nauli ya basi.

Sasa niwaingize ndani ya kazi yenyewe, maana hapo ndipo wengi huvunjika moyo.

Hapa mnafundishwa kutia dripu, kushona kidonda, kuzalisha. Usiku mko wawili kwa wadi nzima na daktari yuko kwenye simu. Kumwogesha mgonjwa, kumlisha, kumbadilisha nguo, hiyo ni kazi ya jamaa zake. Binti amekuja na chupa ya uji na ndoo, anajua la kufanya. Kule hakuna binti mwenye ndoo. Kuogesha ndiko kuuguza kwenyewe. Nina wakazi wangu, hatuwaiti wagonjwa, tunawaita wakazi, na kabla ya chai ya asubuhi nimewaosha, nimewavika, nimewasafisha meno na nimewakagua ngozi mmoja mmoja, visigino, makalio, nyuma ya masikio. Kisha naandika. Naandika kila kitu: amekunywa mililita ngapi, amegeuzwa saa ngapi, amekataa nini. Wana msemo kwamba kisichoandikwa hakikufanyika, na siku ya ukaguzi utajua hawatanii.

Mwezi wa kwanza nililia. Nilijiambia, mimi niliyezalisha mapacha taa zimezimika, leo nabadilisha nepi. Mwenzangu kutoka Ufilipino aliniambia nimtazame anavyomwosha mama mmoja aliyepooza upande. Alianza na ule upande mzima, akahamia uliopooza, polepole, mkono wake ukimwongoza yule mama ajiguse mwenyewe, ajue bado ana bega. Ilimchukua dakika ishirini na tano. Mimi ningemaliza kwa nane. Hapo nikaelewa kwamba nilichokuwa nakidharau sikuwa nakijua.

Na lugha sasa. Darasani Nairobi walitufundisha kwamba wao si kama sisi. Kiswahili kina mguu, basi, kuanzia juu hadi ukucha. Kijerumani kina Bein, na mwishoni mwa Bein kuna Fuß. Mwalimu alichora ubaoni, akaweka mstari kwenye kifundo. Mtihani ulikuwa nalo swali hilo na nililipata.

Nimefika kwa Waswabia, ndio watu wa sehemu ile, wiki ya tatu, bibi mmoja wa miaka 89 ananiambia asubuhi Fuß inamuuma. Nikapiga magoti. Nikavua soksi, nikakagua vidole, nikabonyeza unyayo, nikatazama kisigino kama kuna kidonda cha kulalia. Hakuna kitu. Nikampaka mafuta, nikaandika kwenye kompyuta: maumivu ya wayo, hakuna uvimbe, hakuna wekundu. Nilijiona nimeandika vizuri. Saa nne dada msimamizi akamfunua blanketi, akamshika nyongani, bibi akapiga ukelele tuliousikia hadi jikoni. Alikuwa ameanguka usiku. Hospitalini picha ikaonyesha ufa kwenye shingo ya paja.

Kwa Waswabia, Fuß huanzia nyongani. Ni mguu, wenzangu. Ni mguu wetu ule ule! Laiti ningefikiri kwa Kiswahili siku ile, yule bibi asingekaa masaa matatu na mfupa uliopasuka huku mimi nampaka mafuta unyayoni. Tangu hapo siulizi neno, naomba anionyeshe kwa kidole. Na ule mstari wa mwalimu ubaoni sijamlaumu nao. Ulikuwa sahihi kwa Kijerumani cha kitabu. Wazee hawazeeki kwa Kijerumani cha kitabu. Mwingine aliniomba Teppich, nikatazama sakafuni nikitafuta zulia. Kumbe anahisi baridi, anataka blanketi.

Mtihani wa kuzungumza niliuanguka mara ya kwanza. Mtahini aliniuliza ningemzuiaje mtu asipate kidonda cha kulalia. Hicho kitu nakijua usingizini. Kichwani jibu lilikuwa limekaa zima, limepangwa. Mdomoni likatoka hivi: mgonjwa geuka, saa mbili, ngozi tazama, kula vizuri. Kama mtoto wa nasari. Nilimwona yule mama anakunja uso, si kwa ubaya, kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kufeli. Haukupimwa uuguzi wangu siku ile. Mara ya pili nilikwenda baada ya miezi mitano ya kusoma kwa sauti jikoni, nikizieleza sufuria za ugali kuhusu mzunguko wa damu, na nikapita.

Mikataba. Hapa wazazi sikilizeni, maana ninyi ndio mnaouza shamba.

Mkataba wangu ulikuwa kurasa kumi na moja za Kijerumani. Nilisoma ukurasa wenye mshahara, nikatia saini zote. Ukurasa wa tisa ulisema nikiondoka kabla ya miaka mitatu nirudishe gharama za kuniajiri, euro elfu sita. Sitawataja, wala mwajiri huyo si niliye naye sasa. Nilikaa pale nikiwa nimefungwa na deni ambalo hata sikujua kama ni halali, hadi jirani Mturuki akanipeleka kwa watu wa chama cha wafanyakazi. Siku hizi angalau mnayo mambo mawili ya kushika. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Kazi ya Ujerumani ilikataa kifungu kinachomtaka mfanyakazi arudishe ada ambayo mwajiri alimlipa wakala. Na kuna alama ya ubora ya mawakala wa uuguzi, inaitwa Faire Anwerbung Pflege Deutschland; mwenye alama hiyo hatakiwi kumtoza muuguzi gharama za kuajiriwa, mwajiri ndiye hulipa. Wakala anayekudai laki tatu za Kenya ili akuweke kwenye orodha, muulize kuhusu alama hiyo uone atakavyokohoa.

Nikiona ndugu zangu wa Tanga na Unguja hapa, na nimewaona, kwenu kuna jambo la ziada. Tanzania iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na Ujerumani hairuhusu wakala binafsi kwenda kuwachota wauguzi katika nchi hizo. Wewe mwenyewe kuomba kazi hakuna anayekuzuia. Lakini wakala akikufuata Tanga na kipaza sauti, ujue hilo tayari ni kosa kwa sheria ya kule anakotaka kukupeleka.

Makato nitayapita mbio. Mtu asiye na ndoa, karibu theluthi ya mshahara huondoka: kodi, bima ya afya, pensheni, bima ya ukosefu wa kazi, bima ya kuuguzwa uzeeni. Nyumba watataka amana hadi kodi ya miezi mitatu. Kila nyumba hulipa euro 18.36 kwa mwezi kwa ajili ya redio na televisheni, uwe unayo au huna. La kanisa tu ndilo nitasimama kidogo, kwa sababu nilichekwa. Ukifika, ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia unaandikisha anwani yako manispaa, na fomu inauliza dini. Nikaona neno evangelisch. Mimi ni Mwanglikana wa Rabai, mtu wa injili, nikaweka tiki kwa furaha. Kumbe nimejiandikisha kwenye kanisa la Kilutheri la kule, na asilimia 8 ya kodi yangu ya mapato ikawa inakwenda kwao kila mwezi. Si asilimia nane ya mshahara, ni ya kodi, lakini ni sadaka ambayo hukuombwa. Nilikaa mwaka mzima kabla ya kuuliza kile kimstari kwenye karatasi ya mshahara ni nini.

Vijana wa umeme na kompyuta mlioingia kwa mlango wa nyuma, nawaona pia. Kwenu kuna ile kadi ya fursa iliyoanza Juni 2024, unakwenda kutafuta kazi kwa mwaka mmoja. Inahitaji pointi sita, na uonyeshe una euro 1,091 za kujikimu kwa kila mwezi. Zidisheni kwa kumi na mbili kabla hamjapiga makofi.

Sikuja kuwaambia msiende. Nimejenga vyumba vitatu kwa mama, na mdogo wangu analipiwa karo. Sikuja kuwaambia nendeni, vilevile. Jumapili kule maduka yamefungwa, jirani hakujui, na mlangoni kwako inaning'inizwa kibao cha kusema wiki hii ni zamu yako kufagia ngazi. Usipofagia ndipo jirani atakapokujua. Huku nyumbani wanakupigia simu ya harambee wakati umetoka zamu ya usiku. Hayo kila mtu atayabeba kwa mgongo wake.

Ila hebu niwaambie juu ya jirani yangu wa zamani. Rabai kuna kanisa na nyumba ya makumbusho ya mmishonari Krapf, wengi mmepelekwa pale mkiwa shule ya msingi. Krapf alizaliwa mwaka 1810 Derendingen. Mimi nilikariri jina hilo darasani bila kujua ni wapi. Siku moja nimepanda basi Tübingen, nikasikia kituo kinatajwa: Derendingen. Nilishuka. Nilishuka bila sababu, nikasimama tu pale na mfuko wa mboga. Mswabia yule alikuja Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe na mtoto wake mchanga mwaka ule ule, na katikati ya homa na msiba alikuwa anakaa na watu wetu akiuliza hiki mnakiitaje, na hiki je. Aliuliza miaka na miaka. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Yeye alikuja kutafuta roho zetu, mimi nimekwenda kutafuta hela yao, sina haja ya kujitakasa. Lakini sijaona mahali alipoandika kwamba lugha ataisomea huko huko akishapata kazi.

Mwalimu ananionyesha saa. Maswali tutayachukua kidogo, kisha nitakaa pale kwenye benchi chini ya mwembe hadi alasiri. Mwenye mkataba, uwe kwenye karatasi au kwenye simu, aje nao tuusome pamoja. Mje na kurasa zote. Ule wenye mshahara nimeshauona.

Haya, yule dada wa nyuma mwenye buibui, umeinua mkono tangu nilipotaja euro. Sema.